Somo la Kisimani Magarini

Waliokuwapo siku hiyo, katika chumba cha mbele cha nyumba ya mtaa wa Muyeye, ni hawa: Mwalimu Msellem mwenyewe, amelazwa juu ya kitanda cha kamba, wanawe wawili, Fumo na Shekha, ndugu yake mdogo, Abdillahi, mwenye duka la nguo sokoni, Mzee Jaha, imamu wa msikiti wa mtaa, mlezi wa watoto, jina lake Bi Harusi, aliyezeekea ndani ya nyumba hiyo, Mwambire, mwalimu wa historia, aliyekuwa zamani mwanafunzi wa Mwalimu Msellem, na Kuluthumu, mke wa Fumo, aliyekaa karibu na mlango akimnyonyesha bintiye Fatu. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, mwaka wa themanini na saba, na mvua za masika zilikuwa zimekwisha.

Kuluthumu hakuwa mtu wa kuitwa katika mambo ya urithi. Alisoma hadi darasa la saba, akaolewa, akazaa, na kazi yake siku hiyo ilikuwa uji wa mgonjwa. Lakini alipotaka kujitoa, mkwewe alimwashiria akae, akakaa. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mtoto na macho yake hayakuwa na shughuli, aliona mambo ambayo wengine hawakuyaona. Aliona kwamba Mwambire alivua viatu tangu nje akaikung'uta miguu mchanga, asije akauchafua mkeka. Aliona Bi Harusi akionja uji kwa ncha ya ulimi kabla ya kumnywesha mgonjwa. Na aliona kwamba Abdillahi, aliyeingia amenuna, ndiye aliyegundua mto umeteleza. Akaurudisha taratibu chini ya kichwa cha kaka yake, kisha akaenda kwenye kiti chake akanuna upya.

Mwalimu alianza na yaliyo mepesi. Nyumba, alisema, sheria ya Mungu imekwisha kuigawa, na Fumo na Shekha kila mmoja anajua fungu lake, kwa hiyo asisikie huko aendako kwamba wamepandishiana sauti. Alimwomba Fumo amwachie dada yake saa ya ukutani, maana Shekha ndiye aliyekuwa akiitia ufunguo alipokuwa mdogo, akisimama juu ya kigoda. Fumo akaitika. Shekha akageuza uso ukutani.

"Sasa nisikilizeni, wanangu, na msinikatize, maana nikikatizwa huenda nisipate pumzi ya kuanza tena. Sheria yetu imeniruhusu theluthi ya mali yangu niielekeze nitakako, madhali simpi mrithi. Theluthi hiyo nimeiweka mahali pamoja. Ni ile pembe ya shamba la Magarini yenye kisima."

Abdillahi akakohoa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Shamba lake yeye lilipakana na la kaka yake, naye alikuwa amepata mtu wa kuyanunua yote mawili. Na mtu huyo alikuwa amesema waziwazi kwamba bila ya kisima hataki hata kipande.

"Kohoa, ndugu yangu, usijibane. Nimekuita wewe na Mzee Jaha muwe mashahidi wangu, na wewe nimekuita makusudi. Shahidi anayenipinga hawezi kusema kesho kwamba hakusikia."

Mzee Jaha alipitisha mkono juu ya ndevu zake ili afiche tabasamu.

"Kisima kile nyote mwakijua, lakini wengine mwakijua kwa maji tu. Babu yangu alikuwa na shamba, na shamba lilikuwa na watu, na watu wale hawakuja kwa hiari yao wala hawakulipwa, nao ndio waliokichimba. Mdomo wake ni wa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe yale kuna mifuo, mingine inameza kidole kizima, na haikuchongwa kwa chuma; ni kamba ya makumbi ya nazi tu, ikivutwa asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Mimi nilipoanza kufundisha historia nilipewa kitabu kilichojua wafalme wa Ulaya mpaka farasi wao, na kilipofika kwetu pwani kikasema palikuwa na biashara ya watumwa, ikakomeshwa, basi. Nikawasomea watoto. Wakaandika, vichwa chini, wala hakuna aliyeinua macho, kwa sababu katika darasa lile walikaa wajukuu wa wenye mashamba na wajukuu wa waliolimishwa, dawati moja, na kila mmoja akijua, na kila mmoja akiogopa kwamba jirani yake atamtazama. Nikakifunga kitabu. Tangu siku hiyo sikumfungulia mtoto kitabu kile kabla sijamfikisha kisimani."

Bi Harusi akamlisha kijiko cha uji. Kisha Mwalimu akamtafuta Mwambire kwa macho, akamwambia kwamba yeye si mrithi wa nyumba wala wa shamba, lakini kuna kitu anamrithisha mbele ya watoto wake ili wasione kimeibwa.

"Unapoandaa somo hili, Mwambire, usianze na wewe utasema nini. Anza na mtoto ataenda kuuliza nini nyumbani. Usimtume akaulize ukoo, maana kuna nyumba ambazo swali hilo litamliza nyanya na mtoto atapigwa. Mtume akaulize: zamani maji mkiteka wapi? Sijaona mzee asiyependa kusimulia habari za maji. Ataanza na mtungi, atafika kisimani, na akifika kisimani atasema mwenyewe nani alikuwa akiteka na nani alikuwa akiletewa, wala hatahisi kwamba ameulizwa. Watoto wakirudi, yaandike majibu yao yote ubaoni, hasa yale yanayogombana, uwaache walale nayo. Kisha wapeleke wakatie vidole katika ile mifuo, na wewe unyamaze. Unyamaze kweli. Nakujua, unapenda kusema."

Mwambire alicheka chini kwa chini, akakubali kwamba ni kweli.

"Hadi mmoja wao aulize nani alivuta kamba hii. Hapo ndipo useme, na uanze na nyumba yako mwenyewe. Mimi nilikuwa nikiwaambia: mwenye shamba hili alikuwa babu yangu. Nikisema hivyo, mtoto wa mwenye shamba hayuko peke yake tena, na mtoto wa aliyelimishwa anaona kwamba aibu haikuwa yake. Kitabu kifungue mwisho, watoto waje wakikosoe."

Kuluthumu alilikumbuka somo hilo. Mwaka alioolewa, mkwewe alikuwa amekwisha kustaafu, lakini Mwambire alimwomba aje awafundishe watoto siku hiyo moja, na yeye Kuluthumu akatumwa kupeleka mahamri na maji. Alisimama nyuma na sinia lake. Alimwona mzee huyo, na miguu yake tayari inamuuma, akipiga goti ili msichana mfupi akanyage paja lake achungulie ndani. Alimuuliza jina lake tu. La baba yake hakuuliza.

Mwambire akatoa lililokuwa likimsumbua. Mkuu wa shule, alisema, amemwambia mtaala huu mpya ni mrefu, mtihani uko mbele, na habari ya kutoka nje kwenda kutazama visima haimo.

"Ndiyo basi," Abdillahi akadakia. "Hata wakubwa wameona. Kaka, somo hilo liende na wewe, sisi tupumzike. Binti yangu anaposwa na watu wa Mambrui. Wataka wasikie kila mwaka babu yetu alikuwa nini?"

Mwalimu alijaribu kuinuka. Fumo akamwekea mkono kifuani, mzee akausukuma.

"Watu wa Mambrui, Abdillahi? Kwani wao walikuwa wakinywa maji ya mvua?"

Shekha, aliyekuwa akilia, alicheka akajifunika leso.

"Wewe uliwaongoza wazazi wa wanafunzi mpaka ofisini kwa mkuu wa shule kunishtaki, na kanzu uliyovaa siku hiyo nilikushonea mimi. Nikahamishwa, nikapelekwa mbali na wanangu, nikarudi na somo lile lile. Mama alikufa sijamwambia ni nani aliyenishtaki. Nimekusamehe, ndugu yangu, kwa moyo mweupe, lakini kukubali sikukubali, na leo sina nguvu hata ya kushika kijiko na bado sikubali. Na wewe, Mwambire, mwambie mkuu wako kwamba mtihani watoto wataufanya. Liandike somo hili katika azimio lako la kazi, muhula wa tatu, waziwazi, kisima cha Magarini, wasiseme uliwapeleka matembezi. Akilifuta, liandike tena. Akikuhamisha, huko uendako pia kuna mahali walipokuwa wakiteka maji."

Alipumua kwa shida. Chumba kizima kilingoja kusikia pembe hiyo ataiachia nani. Fumo alidhani ni shule. Mzee Jaha alidhani ni msikiti.

"Shule siipi," akasema. "Shule ina wakubwa, na wakubwa hubadilika." Akageuza kichwa polepole kwa Bi Harusi. "Dada, miaka yote pale kisimani nimelitaja jina la babu yangu, na jina la aliyevuta kamba sikulitaja, kwa sababu halikuwa langu. Sasa pembe ile nakupa wewe, na nataka kusema kwa nini. Nakuuliza mbele yao wote. Niseme, au nisiseme?"

Katika nyumba hiyo jambo hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Bi Harusi aliitwa mtu wa nyumbani. Kwenye harusi za ukoo yeye ndiye aliyepika, na kwenye picha za harusi hizo hakuonekana. Hata Fumo, aliyelelewa mgongoni mwake, yeye alimwita Bwana Fumo. Fatu akaachia ziwa akatazama juu, kana kwamba naye anangoja.

Bi Harusi aliweka bakuli chini, akafuta mikono kwa kanga yake, upande huu na upande huu.

"Usiseme wewe," akasema. "Nitasema mimi. Aliyevuta kamba ile ni nyanya yangu, mama wa mama yangu. Hapa kwenu mlimwita Faida. Kwao aliitwa Kahonzi. Alitoka Ganze mwaka wa njaa, mtoto mdogo, akawekwa rehani kwa kikapu cha mahindi hadi mvua inyeshe, jamaa zake waje kumchukua. Mvua ikanyesha. Wakaja, wakafukuzwa langoni. Kila aliponisuka nywele alinitajia jina lake, nisije nikalipoteza." Akamtazama mgonjwa usoni. "Na hiyo pembe, Msellem, sipewi. Narudishiwa."

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita bila ya kutanguliza Bwana. Mwambire, ambaye kwao ni huko huko Ganze, aliinamisha kichwa juu ya magoti. Kuluthumu aliona Shekha akisogea juu ya mkeka, kidogo kidogo, mpaka bega lake likagusana na la Bi Harusi, akatulia hapo.

"Umerudishiwa," Mwalimu akasema. "Mzee Jaha, umesikia?"

"Nimesikia."

"Abdillahi?"

Abdillahi alitazama mkeka. "Nimesikia," akasema mwishowe. "Sikuungi mkono, lakini nimesikia."

"Mkono sikukuomba. Nimekuomba masikio."

Sauti yake ikaanza kukatika, na baadhi ya maneno Kuluthumu aliyasoma midomoni. Alimwambia Bi Harusi kwamba pembe ni yake sasa, akitaka kulifunga lango alifunge, akitaka kupanda mihogo hadi mdomoni mwa kisima apande, wala asimwonee mtu haya. Analomwomba ni kwamba watoto waruhusiwe kuja. Anaomba tu, hausii. Bi Harusi alikiokota kijiko chake.

"Fumo, msiniweke. Nizikeni siku hiyo hiyo, na msipike karamu ya kumfurahisha mtu. Shekha, usije ukauza saa. Kuluthumu, mwanangu, uko wapi?"

"Nipo hapa, baba."

"Watoto wakija, watakuwa wametembea juani. Uwape kitu wale. Lakini ukishawapa, usirudi jikoni. Keti nao. Usikilize. Na huyo Fatu asome, asome apite hapo ulipoachia wewe, na mwalimu akimwambia jambo halijaingia kichwani, arudi akaulize tena."

Kuluthumu aliitika kwa kichwa.

"Sasa niinueni kidogo, niwaombee."

Aliyemwinua ni Abdillahi. Alikaa kitandani nyuma yake, akamwegemeza kifuani mwake kama mtu anavyomwegemeza mtoto mwenye homa, na Kuluthumu aliona mkono wake mmoja ukimfukuzia kaka yake nzi.

"Mola awape riziki isiyowafanya muogope watu. Awape... watoto wenye maswali, na nyinyi awape ujasiri wa kuyajibu. Walionikosea, nimewaachilia. Niliowakosea... waombeni waniachilie. Msiache... kisima kile msi..."

Hakumaliza. Abdillahi aliendelea kumshikilia hivyo hivyo, wala hakumlaza, hadi muadhini alipoadhini alasiri.

Mwalimu Msellem alizikwa jioni hiyo hiyo, kama alivyousia. Muhula wa tatu, kidato cha pili kilikwenda Magarini, na Bi Harusi ndiye aliyewafungulia lango na kulianza somo.