Mama Theo na Bei za Ukutani

Tarehe 30 Juni 2003, baada ya miaka ishirini na tisa kazini, Bi Theopista Mapunda, tunayemwita Mama Theo, anastaafu katika karakana yetu ya Zarna Mashine za Ofisi, Kariakoo. Ana miaka sitini, meno yote, na kicheko kinachosikika hadi duka la tatu.

Alitoka Peramiho, akaajiriwa na marehemu Mzee Chandu mwaka 1974 kusafisha taipureta. Mwaka wa kwanza alizisafisha. Wa pili akaanza kuzitengeneza bila kumwomba mtu ruhusa. Milango ya biashara ilipofunguliwa na kompyuta zikaanza kumiminika mjini, sisi mafundi wanaume tuliizunguka ile ya kwanza kama nyoka kaingia ndani. Yeye aliipasua kama samaki changu wa soko la Feri, akayatandaza matumbo yake mezani, akayarudisha. Skrubu mbili zikabaki. Mashine ikawaka. Tukacheza!

Lakini kilichonifanya mimi, Shomari, niombe kuandika haya ni kisa cha mwaka 1997. Siku hizo kompyuta ilikuwa kama uganga: mteja haelewi kitu, fundi anasema atakalo. Bosi wetu, Bwana Nilesh, mtoto wa Mzee Chandu, alituahidi chochote kitu kwa kila kifaa kipya tutakachouza, nasi tukawa tunaviua vifaa vizima kwa mdomo tu.

Akaja Bi Kuruthumu, mchapaji wa barua pale Mchikichini, na kompyuta yake juu ya mkokoteni. Ilikuwa ikilia tii-tii-tii, kioo cheusi, na mitihani ya shule mbili imo ndani. Nikamwambia bodi kubwa imekufa, alete laki mbili na arobaini. Akakaa kizingitini, akiwaza kuiuza kama chuma chakavu.

Mama Theo akarudi kutoka kula.

"Umeifungua, Shomari?"

"Nimeisikiliza."

"Kumbe wewe daktari wa mapafu?"

Akamvutia Bi Kuruthumu kiti hadi mezani, akaifungua mashine mbele ya macho yake, akachomoa kipande cha memori, akakisugua kwa raba ya mwanafunzi, akakirudisha. Kioo kikawaka! Bi Kuruthumu alipiga vigelegele hadi wauza vitenge wakaja kuuliza nani kaolewa. Bei: shilingi elfu tatu. Mimi nilitamani kuingia ndani ya ile kompyuta nifunikwe.

Bwana Nilesh hakucheka. "Mama Theo, kwa mtindo huu tutakula nini?"

"Tutakula kidogo, mwanangu, lakini kila siku."

Akahamishiwa stoo kupanga nyaya, na minong'ono ikasema mwisho wa mwezi anaondolewa. Kitinda mimba wake alikuwa sekondari. Najua aliogopa, maana kicheko kilikatika, karakana ikawa kama ina msiba. Bahati nzuri Bi Kuruthumu alikuwa na mdomo. Mchikichini nzima ikaja, kila mtu na swali moja: "Yuko wapi yule mama anayefungua mbele yako?" Wakiambiwa yuko stoo, wanageuka na mashine zao.

Wiki ya tatu Bwana Nilesh alikwenda stoo mwenyewe, chai mkononi. "Nimekosea, mama. Rudi." Alirudi kwa masharti: bei zote ziandikwe ukutani kwa rangi, mteja aone mashine yake ikifunguliwa, na kifaa kibovu kikibadilishwa aende nacho nyumbani. Ukuta ulipakwa siku hiyohiyo, mimi nikiwa nimeshika ngazi.

Kisha Mama Theo akanituma Mchikichini nikaombe radhi. Bi Kuruthumu akasema msamaha wa mdomo hautoshi. Akauchapa kwa kompyuta ileile, nikatia sahihi, akanitoza mia mbili ya kuchapa!

Tangu hapo Mama Theo amefundisha mafundi kumi na mmoja, watatu wanawake. Tulikuwa na meza mbili, leo ziko saba. Sasa anahamia Kigamboni kufuga bata, na ameapa kwamba atakayemfuata na kompyuta atafukuzwa na bata hao.

Mama Theo, ahsante kwa mikono yako, na kwa kutuaibisha tulipostahili. Bata wako watage, magoti yasikuume, na kivuko kisikucheleweshe ukija kututembelea. Kesho meza yako nakaa mimi. Niombee.