Eneo la Sufuri Nukta Moja

Dada: Haloo? Namba ngeni hii, nani mwenzangu?

Kitinda: Ni mimi, Dada. Simu ya jirani, yangu imeisha chaji. Shikamoo.

Dada: Marahaba, Kitinda! Afadhali umepiga. Ramani mpya ya kumtafuta Baba iko tayari, nimeichanganya na picha za droni za asubuhi —

Kitinda: Dada, subiri —

Dada: Subiri wewe kwanza! Tangu apotee jana sijapata hata lepe la usingizi. Sasa, kompyuta haisemi yupo au hayupo. Kila mahali inapawekea uzito wa uwezekano, kuanzia sufuri mpaka moja. Njia ya mlimani ina sufuri nukta nane! Wale majirani kumi na wawili nimeshawapeleka huko.

Kitinda: Na nyuma ya nyumba?

Dada: Sufuri nukta moja. Si niliwaambia tangu jana muachane nako?

[Mtandao unakwaruza.]

Kitinda: Hiyo kompyuta uliiambia Baba anatembea umbali gani?

Dada: Karibu kwake ni kilomita tatu, mbali ni kumi. Mzee yule si chuma! Alinisindikiza stendi kwa miguu, sanduku langu begani.

Kitinda: Mwaka gani huo?

Dada: Mwaka... Miaka sita sasa.

Kitinda: Siku hizi hata chooni anakwenda kwa kushika ukuta.

Dada: Wee! Mbona kwenye picha unazonitumia kasimama wima?

Kitinda: Nilikuwa namshikilia kwa nyuma. Halafu naikata picha nisionekane. Alinikataza nisikwambie. "Ataacha kazi yake aje kuniuguza."

Dada: Kitinda... mbona huko nasikia watu wanalia?

Kitinda: Jirani alikuwa anamkimbiza kuku wake. Akamkuta Baba mtaroni, nyuma ya banda. Hatua arobaini kutoka mlangoni, Dada. Nimezihesabu.

Dada: Yu hai?

Kitinda: Dada, keti kwanza.

Dada: Si nakuuliza? Yu hai?

Kitinda: Baba ametutoka.

Dada: Uwii! Baba yangu mie! Uwii... Tangu jana?

Kitinda: Usiulize hilo.

Dada: Daktari kasemaje?

Kitinda: Dada, tafadhali —

Dada: Kasemaje!

Kitinda: Alfajiri ya leo.

Dada: Kwa hiyo usiku kucha alikuwa pale... na mimi nimewakataza...

Kitinda: Na mimi nilinyamaza. Tuko wawili.

Dada: Nakuja. Nakuja leo hii.

Kitinda: Njoo. Ila sikiliza, salio la watu linakwisha. Wale wa mlimani bado wanamwita kwa sauti, hawana habari. Wewe ndiye wanayekusikiliza. Wapigie washuke.

Dada: Niwaambie nini, mdogo wangu?

Kitinda: Waambie kapatikana.

Dada: Wataniuliza wapi.

Kitinda: Dada, sali—

[Simu inakatika.]