Shangazi Aliyeshusha Presha ya Fahali

Baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi, fundi mkuu wa injini za dizeli wa karakana yetu, ambaye sote tunamwita Shangazi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kuanzia Jumatatu, ile sauti inayotikisa mabati ya paa kila asubuhi itabidi itoke kwa mtu mwingine, na mpaka sasa hakuna aliyejitolea.

Alianzia kwenye benchi la kuosha vipuri, mikono ndani ya mafuta ya taa mpaka kwenye viwiko. Mafundi wa wakati ule walisema hamalizi mwaka. Wote wamestaafu kabla yake, na baadhi yao ni yeye aliyewaandalia sherehe ya kuwaaga. Kutoka kwenye vipuri alipanda hadi pampu za dizeli, kisha turbo, kisha akakabidhiwa injini za magari yetu yote ya kuvuta magari mabovu. Cheo kilikuja nyuma. Jina la Shangazi lilikuwa limeshatangulia, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuajiriwa hapa asiulizwe naye kama amekula, na kama hajala, asifokewe.

Unyenyekevu hana habari nao. Akifufua injini, karakana nzima inajua, na duka la jirani pia. Lakini akikosea, hutangaza kwa sauti ileile. Ndivyo ilivyokuwa katika kisa cha Fahali, ambacho wageni wetu wa leo hawana budi kukisikia.

Fahali ni lile lori letu kubwa la kuvuta mabasi na malori. Dereva wake alikuwa Kimya, mtu aliyeweza kumaliza wiki nzima kwa "salama" na "haya". Siku moja, miaka kumi na miwili iliyopita, Fahali akiwa amefungwa basi bovu nyuma, aliishiwa nguvu katikati ya mwinuko mkali wa machimbo ya mawe. Geji ya presha ya turbo ilipanda mpaka mwisho, taa ya onyo ikawaka, na kompyuta ya injini ikapunguza nguvu ili kuikinga injini. Kimya akabaki na mzigo unaomvuta kurudi nyuma, mguu kwenye breki, huku wapita njia wakikimbilia kuweka mawe chini ya matairi. Aliporudi karakana alikwenda moja kwa moja kwa Shangazi, akasema maneno mengi kuliko yote tuliyowahi kuyasikia kutoka kwake.

"Shangazi, leo nilijua sirudi. Na meneja anasema Fahali auzwe chuma chakavu."

Ni kweli meneja alikuwa ameshaamua kwamba hakuna gari litakaloua mtu yeye akiwa kwenye kiti cha umeneja. Kwa kumheshimu Shangazi, alimpa wiki moja.

Fundi rangi alisema gari lina presha ya kupanda, lipunguziwe chumvi. Tulicheka sana. Shangazi hakucheka, na hapo ndipo tulipojua kuwa mambo ni mazito.

Kwanza alibadilisha sensa, kile kifaa kinachopima presha na kuipa geji habari, akiamini kuwa geji inadanganya. Akatoka kulijaribu gari, akarudi, akasimama mlangoni: "Jamani, nimekosea! Sensa ilikuwa nzima kabisa!" Kesho yake akaunganisha geji nyingine ya mshale, isiyotegemea umeme, bomba lake likapitishwa dirishani hadi kwenye kiti cha abiria. Geji zote mbili zikapanda pamoja. Basi haukuwa uongo. Hewa ilikuwa inazidi kweli.

Lakini ilizidi wakati gani? Hapo alihitajika dereva wa kueleza, na dereva mwenyewe ndiye Kimya. Shangazi akapanda naye, wakafunga lori la mchanga nyuma, wakawa wanaupanda na kuushuka ule mwinuko. Kwa kuwa Shangazi halazi swali, kidogo kidogo mdomo wa Kimya ukafunguka. Alieleza kwamba asubuhi Fahali huwa mzima, ila akishapata moto ndipo maradhi huanza. Akaongeza kwamba hata kabla ya siku ya basi alihisi gari linavuta kupita kawaida, akanyamaza, maana dereva gani hulalamikia nguvu?

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Shangazi akamwambia. "Simama hapa hapa."

"Hapa? Mlimani?"

"Si unasema anaugua akipata moto? Nikimpima amepoa nitaona nini, baba? Weka kabari kwenye matairi."

Turbo kazi yake ni kuisukumia injini hewa. Hewa ikizidi, kilango kidogo hufunguka, nayo turbo hupunguza kasi. Kinachokifungua kilango hicho ni hewa inayopita katika mpira mwembamba kuliko kidole. Karakanani, injini ikiwa baridi, Shangazi alikuwa ameupima mpira huo kwa pampu ya mkono, ukashika hewa vizuri. Sasa, juu ya injini yenye joto la kuchoma nyusi, alipiga pampu ileile, na hewa ikatoka *ssss* kwa chini, pale mpira ulipokuwa ukigusa bomba la moshi. Ukipoa, ufa ulijifunga. Ukipata moto, ulifunguka, hewa ikapotea njiani, kilango kikabaki kimefungwa, na turbo ikakimbia bila wa kuizuia.

Akaweka mpira mpya, akaufunga mbali na moto, wakaendelea kupanda na mzigo wao. Mshale ulipanda, ukafika mahali pake, ukatulia. Mimi, fundi breki, nilikuwa nyuma yao na gari dogo kwa usalama, nikashuhudia jambo lisilo la kawaida: Kimya alipiga honi mfululizo mpaka kileleni.

Habari za chuma chakavu zikaishia hapo. Fahali anavuta mabasi hadi leo.

Ila majaribio hayakuisha. Gari lilikuwa limepona, lakini kila wiki Shangazi aliona ni vizuri "kuhakikisha", na Kimya, bila kuambiwa, alikuwa ameshafuta vumbi kwenye kiti cha abiria. Mabinti wa Shangazi, waliolelewa na mama mjane asiye na muda wa matembezi, walimuuliza ni gari gani hilo lisilopona. Hatimaye meneja akawaita wote wawili.

"Mnajaribu gari, au mnajaribiana?"

Kwa mara ya kwanza katika historia ya karakana hii, Shangazi alitanguliwa kusema. Aliyejibu ni Kimya.

"Tunaoana mwezi ujao, meneja. Tulitaka kukuomba lori."

Wakaenda kwenye harusi yao ndani ya Fahali, mimi nikiwa shahidi.

Mafundi aliowafundisha wametapakaa katika karakana nyingi za mji huu, na utawatambua: hawaoni aibu kusema wamekosea, na injini inayougua ikipata moto hawaipimi ikiwa baridi. Tunawashukuru mabinti zake kwa kutuazima mama yao, na shemeji yetu Kimya, aliyestaafu mwaka jana, kwa kuvumilia nyumba tulivu akimngoja.

Shangazi, asante kwa kila injini, na kwa kila tumbo ulilolifokea mpaka likala. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na furaha tele nyumbani kwako. Na ukiwa umekaa barazani, ukasikia lori linapita huku likihema vibaya, tafadhali usiinuke. Acha lipite. Litatufikia.