Linux na Chumvi ya Majivu

Katika mtumbwi wa mota tuliopanda kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, papa mmoja mwenye mvi alikuwa amekumbatia kompyuta kuukuu kama kuku wa kuuza. "Windows mupya inaomba mashine mupya," alimwambia mama jirani yake. "Nimeitoa, nimeweka Linux. Ni ya bure, na inakimbia."

"Miye nachapa barua za watu kwa Windows," mama alisema. "Linux yako njo ile chumvi ya majivu tulikuwa tunapika wakati wa vita. Treni iliporudi na chumvi ya kweli, nani aliendelea kukula ile?"

"Miye. Mpaka leo." Papa alikunjua jani alilofungia muhogo wake, akaunyunyizia chumvi ya kijivu, akamkatia mama kipande.

Tulipogusa ng'ambo abiria wengine tulishuka. Mama alibaki ameketi, anatafuna. Kisha alimnyoshea papa mkono, aongezewe ile chumvi.