Mdogo Wangu na Vibao vya Dhahabu Alivyoambiwa Avitupe

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, kitindamimba wa watoto watano, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, mchomelea vyuma. Mimi dada yake mkubwa ndiye niliyembeba mgongoni.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1992, akasoma hadi chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kazi yake niliielewa, maana alinieleza bila kunidharau. Alichonga vishimo vidogo kuliko vumbi kwenye vibao vyenye utando wa dhahabu. Mwanga ukipiga hapo hunaswa kidogo, na ukirudi huwa na rangi nyingine. Aliponiletea kibao cha kwanza nilimcheka.

"Dhahabu gani nyekundu? Sonara kakupiga!"

"Dada, hakijapakwa kitu. Ni vishimo na mwanga tu."

"Basi nichongee hereni."

"Hicho ni cha kupimia mkojo, dada."

Nilikirudisha upesi.

Mwaka 2006 aliolewa na fundi saa, mtu mpole, wakajaliwa binti na mwana.

Vibao vile vilikuwa vya kutambua ugonjwa wa figo mapema: mkojo wa mzima, vinabaki vyekundu, wa mgonjwa, vinageuka kijani. Kila kibao kipya kilijaribiwa kwanza kwa mkojo wa mtu mwenye afya, na mtu huyo alikuwa yeye. Juni 2021 vikaanza kugeuka kijani. Mkubwa wake wa kazi akamwambia, "Umekosea vishimo. Tupa, anza upya." Akatupa. Vikageuka tena, akatupa tena. Miguu ilipovimba alisema ni kusimama sana. Katika maabara ile yote, hakuna aliyefungua kinywa kumwambia, "Hebu kapimwe wewe."

Alilazwa Aprili 2022, figo zimekwisha. Daktari alipomweleza alicheka, kisha akageukia ukutani. "Dada," akasema, "vilikuwa vizima vyote."

Alifariki tarehe 3 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, kaka watatu na mimi. Mkubwa wake wa kazi ameomba kusema machache hapa kaburini. Familia inamshukuru kwa shada la maua, na imekataa.

Mungu ampumzishe. Mikono yake haikukosea.