Sindano ya Mwisho ya Sista Beth Ngendo

Baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi, kumi na miwili ikiwa katika kituo chetu cha utafiti wa chanjo hapa Nyeri, Sista Beth Ngendo anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni.

Mzaliwa huyu wa Wamagana alianzia wodi moja huko Murang'a. Aliona dawa za VVU zikiwainua watu kitandani, kisha akaona baadhi yao wakirudi kitandani kwa sababu virusi vilikuwa vimezoea dawa. Uchungu huo ndio uliomleta kwetu. Tulipoanza kujaribu chanjo ya kuufundisha mwili kuvitambua virusi sugu mapema, alikuwa wa kwanza kuomba nafasi.

Wanaojitolea kuchanjwa wanamjua kwa amri moja: "Mkono kwangu, macho kwa dirisha!" Wale wa Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, walimletea mchele wa pishori. Sheria zetu haziruhusu zawadi, akaurudisha. Wiki iliyofuata ulikuja ukiwa pilau, sufuria nzima, na sikumbuki nani alitaja sheria tena.

Lakini hadithi tusiyochoka kuisimulia ni ya msichana mmoja aliyejitolea, jina lake Wachuka. Dada huyu alichanjwa kwetu, mzima kabisa, na arusi yake ilikuwa mlangoni. Kanisa lao, kama mengi ya huku, huwataka wachumba wapimwe VVU kwanza. Tulikuwa tumemwonya apimwe kwetu pekee; sijui alisahau au aliona haya. Akaenda zahanati nyingine na mchumba wake, Gatimu, na majibu yakasema Wachuka ana virusi. Mbuzi wa ruracio, yaani mahari, walirudishwa zizini. Mama yake Gatimu akasema, "Ati hawa watu wa sindano wameharibu msichana ya wenyewe!"

Sista Beth hakungoja. Alitoa damu ya Wachuka, vikatafutwa virusi vyenyewe, na hakikupatikana hata kimoja. Kisha, kwa ruhusa ya Wachuka, wakaenda pamoja kwa kina Gatimu, wakaketi jikoni. Akaeleza kwamba kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, na askari hao waliitwa na chanjo. Mbwa akibweka langoni, alisema, si lazima mwizi awe ndani. Pengine mmefuga mbwa mzuri. Mama alicheka kwanza, ndipo Gatimu akashusha pumzi. Arusi ilifanyika, na Sista alicheza mpaka kiatu kikakatika.

Sasa sikieni haya! Mwezi uliopita maabara ilituarifu kwamba kingamwili za waliochanjwa zimezuia, ndani ya vichupa vya majaribio, hata virusi vilivyoshinda dawa. Safari bado ni ndefu, na haraka haraka haina baraka, lakini tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Awamu mpya imeanza. Alhamisi iliyopita Sista Beth alidunga sindano yake ya mwisho. Aliyeketi kwenye kiti alikuwa mwanamume mrefu, mwoga wa sindano, aliyefumba macho kabisa huku mkewe Wachuka akimshika bega. Alikuwa Gatimu, na alikuja kwa hiari yake.

Asante, Sista. Nenda salama Wamagana, majani ya chai shambani mwako yastawi, na miguu yako ipate kupumzika. Tunakutakia maisha mema na marefu. Kila atakayeketi kwenye kile kiti, tutamwambia aangalie dirisha.