Kaburi la Mjomba Fulgence na Njia ya Msamala

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa. Mapadre na masheikh mliokubali kukaa benchi moja. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa, pamoja nanyi mliofuata soda. Na mwisho kabisa, kwa kuwa leo hana cheo, babu yangu Hironimus, ambaye tangu nizaliwe ananiita mke wake bila kuninunulia hata kanga: nawasalimu nyote.

Nimeombwa kusema kwa niaba ya familia iliyotoa ardhi. Babu amekataa kusema mwenyewe, eti koo linamkereketa. Koo halina kitu, ni aibu tu. Na kwa kuwa mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake, nitaisema aibu hiyo mbele yenu, naye atakaa kimya.

Mnaikumbuka mikutano ile. Tulitaka njia ya waenda kwa miguu na baiskeli kutoka Mjimwema hadi Msamala, na hakuna aliyeipinga. Sote tuliipenda, mradi ipite kwa jirani. Mmoja alisema wapanda baiskeli watachungulia masufuria yake. Mwingine alihofia wapenzi watasimama nyuma ya choo chake, utadhani hapo pana manukato. Mwishowe zikabaki njia mbili: ya bondeni, yenye mteremko na matope, isiyogusa kiwanja cha mtu, na ya juu, tambarare, inayokata shamba la babu katikati.

Kwa sisi wenye miguu mizima, huo ulikuwa ubishi wa kunogesha jioni. Kwa mama yetu huyu, Biasha, haukuwa hivyo. Biasha anauza dagaa sokoni Msamala, na miguu yake haimbebi. Anaendesha kwa mikono baiskeli ya magurudumu matatu. Mteremko wa bondeni haupandi. Barabara kuu, lori lilikwisha kumtupa mtaroni, dagaa wakaliwa na mbwa. Njia ikipita bondeni, biashara anaacha. Alilisema hilo mkutanoni, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Tukaguna kwa huruma, kisha tukarudi kwenye vyoo.

Ndipo mpima ardhi akateleza ulimi, akasema makaburi hayaguswi hovyo. Asubuhi iliyofuata, katikati ya shamba la babu, palikuwa na kaburi.

Babu alisema ni la mjomba wake, wa zamani sana. Udongo ulikuwa bado una unyevu. Alilosahau mzee wangu ni kwamba anaishi na sisi. Hapa kwetu mtu akiona kaburi bichi haulizi, anabeba unga. Jua halijapanda, kina mama walishafika na kuni na maharage, turubai likafungwa, na babu akaketishwa mkekani, mfiwa wa msiba alioulima mwenyewe kwa jembe. Mtani wetu Muhsini akajilaza juu ya kaburi, akagoma kuinuka mpaka apewe kuku na jina la marehemu. Kuku alitoka haraka. Jina lilichelewa, kisha nalo likatoka: Fulgence. Kina mama wakamlilia Fulgence, na wapo waliokumbuka ukarimu wake.

Mimi nilikuwa nasonga ugali wa msiba huo, nikijiuliza: sisi ni watu gani, tunaompa marehemu wa kubuni machozi, unga na turubai, na mama aliye hai tunamnyima upana wa baiskeli yake?

Alasiri Biasha akaja. Hakupitia bondeni, alipita shambani, katikati ya matuta ya babu, unga mapajani, akasimama kando ya kaburi na kutoa pole. Hakuwa anatania. Babu alikuwa amewavumilia wote, lakini huyo hakumweza.

"Biasha," akasema, "humu hamna mtu."

Biasha akalitazama kaburi, akamtazama babu. "Basi unga wangu narudi nao, mzee. Na ninarudi kwa njia hii hii niliyojia."

Akageuza baiskeli, akaondoka. Babu akaomba jembe, akasawazisha udongo peke yake. Hatukumsaidia, tulikuwa tunamalizia maharage.

Mheshimiwa, wengine watamsifu babu kwa ukarimu. Mimi namsifu kwa kuwa mwongo dhaifu. Mwongo hodari angeshinda, na leo tungekuwa bondeni, tumejaa matope, tunakupigia makofi.

Jambo la mwisho, na unisamehe. Kamati ilifunga utepe jana ili ukusubiri wewe na mkasi wako. Leo alfajiri Biasha amepita akiwahi soko. Tulimsihi asubiri sherehe. Akasema dagaa hawajui itifaki. Utepe ulio mbele yako ni wa pili. Wa kwanza umeondoka naye, umenasa kwenye gurudumu. Kwa hiyo kata tu, bila wasiwasi, njia imeshafunguliwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe babu, asante kwa kutoondoka.